Barua ya kuomba kazi haikukuwa nzito

Wandugu, Windows 95 iliombaka memware ya mega 4 tu. Leo Windows 11 inaomba giga 4: mara 1000. Na siye tunaandika barua ya kuomba kazi ile ile! Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Ordinatere zenye zingali nzima zinaitwa za zamani. Mpya zinaomba tena koltani ya Rubaya na kobalti ya Kolwezi. Udongo ni wetu, deni pia ni letu.

Tunakataa. Tufundishane kuweka Linux, ni ya bure. Ofisi zipokee barua zenye zimeandikwa ku programu nyepesi. Mashini itumikie mutu, hapana mutu kutumikia mashini.