Pistoni ichaguliwe kwa vipimo, si kwa sifa

Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, haikutoka kiwandani na turbo. Uwiano wake wa mgandamizo ni takriban 22 kwa 1. Wa injini ya 1HD-T, iliyoundwa ikiwa na turbo, ni karibu 18.6. Anayeifungia 1HZ turbo ili ahimili matope ya Shinyalu, Kakamega, anaiongezea pistoni ileile joto na shinikizo.

Wengi hukimbilia pistoni za kufuliwa. Ni imara, lakini za aloi ya 2618 hutanuka sana, huhitaji nafasi kubwa ndani ya silinda na hugonga wakati injini ni baridi. Aloi ya 4032, yenye silikoni takriban asilimia 12, hutanuka kidogo. Gari la kila siku linaihitaji zaidi.

Fundi apime silinda kwanza, ndipo pistoni inunuliwe. Isiyo na vipimo vilivyoandikwa ibaki dukani.