Mlembe akiita, tumwitikie

Asali ya miombo ya Katavi inasifika. Kila mara tunasikia semina za mizinga ya kisasa, mikopo na vifungashio. Ni mambo mema. Lakini yupo mtaalamu mmoja asiyedai posho ambaye ni nadra kutajwa: ndege mlembe, ambaye wengine humwita kiongozi.

Akimwona mtu porini, mlembe humsogelea na kulia mfululizo, mithili ya kiberiti kinachotikiswa. Kisha huruka mti hadi mti, akisubiri afuatwe, mpaka penye nyuki. Mtu hurina asali, ndege hupata nta na majana.

Wapo wanaodhani hizi ni hadithi za wazee. La hasha! Mwaka 1989 mtafiti wa Kenya, Hussein Isack, na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti wao kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Mrinaji aliyeongozwa na ndege alipata nyuki kwa wastani wa saa 3.2, asiyeongozwa, saa 8.9. Mwaka 2016 ikaonekana huko Niassa, Msumbiji, kwamba sauti maalumu ya Wayao ya kumwita ndege huyo ilipandisha uwezekano wa kupata nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Na mwaka 2023 ikabainika kwamba mlembe wa kwa Wahadzabe, hapa Tanzania, huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe kuliko sauti ya Wayao. Ndege hujifunza wito wa watu wa kwao.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Vijana wa Mpanda na Inyonga wasipojifunza kwa wazee wito huo, ndege naye atamwongoza nani?

Atakayejibu kwamba siku hizi tuna mizinga, namuuliza: nyuki wanaoingia humo wanatoka wapi? Makundi mengi hutoka porini. Tukimaliza miti kwa mkaa na kuni za kukaushia tumbaku, tukawasha moto ovyo, tukaangusha mti mzima kwa ajili ya ndoo moja ya asali, tunajifilisi wenyewe. Mizinga itabaki mitupu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, vijiji vitunge sheria ndogo ya kuzuia kuangusha miti yenye nyuki. Pili, kila mzee anayeingia msitu unaoruhusiwa kurina, nje ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, afuatane na kijana, na wamwachie ndege kipande cha sega. Tatu, wafanyabiashara waulize asali imerinwa vipi kabla ya kutoa fedha. Mnunuzi akikataa asali ya mti uliokatwa, shoka litapumzika.

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara, mti ukishaanguka na ndege akishanyamaza, mara ya pili tutachovya wapi?