Mtembea-Usingizini si Mwanga

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani. Kwa kawaida methali hii husifu tabia njema, lakini yafaa pia kwa suala la istilahi ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatujalitilia maanani: mtu aondokaye kitandani, akafungua mlango na kutoka nje ilhali bado yu usingizini, tumwiteje?

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya usingizi. Anayesinzia, anayekoroma, anayeweweseka na anayekabwa na jinamizi, wote wana vitenzi au majina yao. Huyu anayetembea tunamweleza kwa maneno mengi, na neno lililo tayari midomoni kwa mtu aonekanaye nje usiku wa manane ni "mwanga". Kule Ahero, kando ya mto Nyando katika uwanda wa Kano, Waluo husema jajuok: mtu anayeaminiwa kukimbia uchi usiku, akitupia mapaa mawe na kutikisa milango ya majirani. Majina haya yamekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikizwa.

Hukumu hiyo yaweza kuua. Katika eneo la Kisii, kusini mwa Ahero, watu 11 waliteketezwa Mei 2008 wakishukiwa uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa huko Marani kwa tuhuma iyo hiyo. Sidai kwamba yeyote kati yao alitembea usingizini. Nadai kwamba penye tuhuma nyepesi namna hii, mtu akutwaye uani saa saba za usiku, macho wazi, asiitike aitwapo, yumo hatarini.

Tiba inaieleza hali hii bila uchawi. Hutokea katika usingizi mzito, aghalabu theluthi ya kwanza ya usiku, ambapo sehemu za ubongo ziongozazo mwendo huamka huku zile za fahamu na kumbukumbu zikiwa zingali zimelala. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa asilimia 5 ya watoto na 1.5 ya watu wazima hupatwa nayo katika kipindi cha mwaka mmoja. Aidha, huandama koo. Hapa pana mtego, kwani ujajuok nao huaminiwa kurithiwa. Ukoo wenye maradhi waweza kudhaniwa ukoo wa wanga.

Fasihi nayo haijasaidia. Katika Macbeth ya Shakespeare, aliyoitafsiri S. S. Mushi kwa Kiswahili, mke wa Macbeth hutembea usingizini kwa kulemewa na damu aliyoshiriki kuimwaga. Msomaji asijifunze humo kwamba kila atembeaye usingizini ana hatia. Wengi ni watoto, na wengi wao huiacha hali hiyo wakuapo.

Kinga yake ni nyepesi. Mtu alale saa za kutosha na kwa wakati maalumu, kwani uchovu, homa, mfadhaiko na pombe huichochea. Komeo la mlango liwekwe juu, panga na jembe viondolewe njiani, na asilale kitanda cha ghorofa upande wa juu. Ahero, penye mifereji ya mashamba ya mpunga na barabara kuu ya Kisumu, komeo hilo laweza kuokoa maisha. Si kweli kwamba kumwamsha humwua. Ila huduwaa na kushtuka, hivyo heri arejeshwe kitandani taratibu. Akijeruhiwa, akitetemeka mwili, au hali ikianza utu uzimani, apelekwe hospitali, kwani kifafa chaweza kufanana nayo.

Kwa upande wetu, napendekeza "mtembea-usingizini". "Mwendausingizi" lingekaribiana mno na mwendawazimu. Wenzetu wanaozungumza Kidholuo nao watafute neno lao, kisha vyama vyetu viyafikishe yote mawili kwa waandishi wa kamusi, walimu na watangazaji wa redio. Mwenye jina la ugonjwa hupelekwa kwa daktari. Mwenye jina la uchawi hufuatwa kwa mawe.