Daikromati Si Ustadi

Jamani, tuambiane ukweli. Sisi wachache wa Mbulu na Katesh tunaosafisha filamu wenyewe jikoni tumepata ugonjwa wa kujidai. Mtu akitaka slaidi ya nyeusi na nyeupe, picha igeuke pozitivu papo hapo kwenye filamu, utamsikia: "Mimi natumia daikromati bwana, ndiyo ya mabingwa."

Bingwa gani? Dawa ya kwanza inatokeza negativu. Kisha madini ya fedha yaliyopiga weusi yayeyushwe, filamu imulikwe, isafishwe tena. Ubishi wote uko kwenye dawa ya kuyeyushia. Fomula ya Kodak, R-9, inataka daikromati ya potasiamu gramu 9.5 kwa lita, pamoja na asidi ya salfa. Inafanya kazi safi, sikatai. Lakini inasababisha kansa, na Ulaya kwenyewe tangu Septemba 2017 haitumiwi bila kibali maalumu. Wewe unaichota kwa kijiko ambacho kesho mama atakorogea chai!

Halafu unamwaga wapi? Nyuma ya choo. Haya, fuata maji. Ya Mbulu huishia Eyasi au Manyara, ya Hanang mengi huishia Balangida, na hakuna ziwa hapo lenye mto wa kwenda baharini. Jua linakausha maji, uchafu unabaki, ng'ombe wa Wabarabaig wanakuja kulamba chumvi.

Pamanganeti ipo, ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda. Kwa fomula ya Ilford ni gramu 2 tu kwa lita ukishachanganya na asidi. Asidi ya betri inafaa, ila ni nyepesi, weka kama mara nne ya ile kali. Vaa glavu, na asidi ndiyo inatiwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Changanya ya siku hiyo tu, haikai.

Watasema inalainisha utando, filamu inachubuka. Kweli, hasa kwenye joto la Dar. Lakini Mbulu asubuhi maji ya ndoo yanakata vidole! Filamu yangu ya kwanza iliharibika kwa sababu niliogopa baridi nikapasha maji kupita kiasi. Nyuzi 20 zingetosha. Madoa ya kahawia yanaondolewa na sodiamu metabaisalfaiti, gramu 25 kwa lita. Hiyo hiyo, dirisha likiwa wazi maana inanuka, inaua zambarau ya masalio kabla hujamwaga.

Kwa hiyo mwenye chupa ya rangi ya chungwa kabatini asinialike kuona slaidi zake. Aniambie kwanza ile ya mwaka jana aliimwaga wapi.