SAMAKI WA MWAMBA NA SISI WATU WA RELI



Wako wenzetu watakaouliza kwa nini gazeti la chama cha wafanyakazi lizungumze habari za samaki, na hali madai ya nyongeza hayajaisha. Twajibu kwamba mvuvi wa pwani ni mfanyakazi kama sisi, ila yeye hana mshahara, hana likizo, wala hana nauli ya kurudi kwao akizeeka. Kiwanda chake ni mwamba ulio chini ya maji, na kiwanda hicho chaharibika.

Hapa Nairobi jambo hili halionekani upesi. Ukipita City Market, mtaa wa Muindi Mbingu, utakuta samaki wa pwani juu ya barafu, kwa wenye fedha zao. Lakini sisi tunaoshukia Kangemi na Kawangware twala omena na mbuta wa Ziwa Victoria, na siku hizi hata samaki wa kugandishwa kutoka Uchina. Basi mtu hushiba akadhani pwani ni shwari.

Wengi hudhani matumbawe ni mawe. Sivyo. Ni wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, wajengao nyumba za chokaa, na ndani ya miili yao hukaa mimea isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo huwapatia chakula kwa nguvu ya jua, tena huwapa rangi. Maji yakizidi joto kwa digrii moja tu kupita kiasi cha juu walichozoea, kwa majuma kadhaa, wanyama hao huitoa ile mimea wakabaki weupe kama mfupa. Joto likipungua mapema hupona. Likikawia hufa njaa.

Mwaka 1998 lilikawia. Sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza nusu ya matumbawe yaliyo hai, na nyingine zaidi. Joto la namna hiyo lilirudi 2016, na tena 2024.

Sasa yanayowapata samaki. Kitatange, ambaye jamaa zake wengi hula matumbawe yenyewe, hutoweka kwanza, pamoja na samaki wadogo wajifichao katika matawi yake. Mvuvi haoni hasara, maana hao hawampi riziki. Mifupa ya matumbawe ingali imesimama na changu wangali wapo. Lakini miaka ikipita mawimbi huivunja mifupa hiyo ikawa kokoto, makinda wakakosa maficho, na chewa akakosa wa kumla. Hasara huja wakati watu wamekwisha sahau joto lenyewe. Katika visiwa vya Ushelisheli, ambako mwaka ule wa 1998 zaidi ya sehemu tisa katika kumi za matumbawe zilikufa, wataalamu walifuatilia miamba 21. Zaidi ya miaka kumi baadaye, 12 ilikuwa yajirudia. 9 ilikuwa imegeuka shamba la magugu ya bahari.

Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, kina cha maji kikiwamo. Lakini moja mtu wa reli ataielewa mara moja. Pono na tafi hula magugu. Hao ndio watu wa njia, wafyekao majani ili mataruma yasifunikwe. Wafukuze kazi uone kama treni itapita! Naye kikande hula wale wadudu weusi wa miiba watambaao juu ya mwamba. Penye uvuvi mwingi huku kwetu kikande amekwisha, na wale wa miiba wamezidi, wanautafuna mwamba usiku na mchana.

Hapo ndipo wakubwa husema: kosa ni la wavuvi. Juya la kukokota hatulitetei. Lilipigwa marufuku mwaka 2001 na bado lakokotwa. Lakini joto la bahari halikutoka katika ngalawa. Latoka katika moshi wa viwanda na mitambo ya nchi tajiri zaidi ya wengine wote, na vichwa vyetu vya dizeli vimo, ingawa kwa uchache. Si haki mwenye mtumbwi mmoja alipe deni la wote.

Tena kufunga mahali pa kuvulia ni kama kufunga lango la karakana. Huenda ikafaa, lakini watu wale nini huku wakingoja? Kule Kuruwitu, katika Kilifi, wavuvi wenyewe walikubaliana mwaka 2005 wakafunga kipande cha hekta 30 hivi. Samaki walirudi, na mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ukawapa tuzo. Sisi twajua tofauti ya mapatano yaliyofanywa mezani na tangazo lililopigiliwa ukutani.

Kwa hiyo twaleta hoja mkutano wa tawi. Chama kiandike barua kwa vikundi vya wavuvi vya Kilifi na Kwale, kuwauliza wanataka nini. Chama kidai kwamba kila mahali patakapofungwa, wavuvi waketi katika kamati, na wapewe posho mpaka samaki warudi. Na wajumbe wetu watakaokwenda Mombasa kwa mkutano wapewe siku moja ya kwenda Kuruwitu, wakaone, warudi watueleze. Wanaopinga waje na sababu zao.