Mchezaji akisema «sina nguvu», anasema nini?

Asubuhi moja, kwenye uwanja wa vumbi wa mtaa wetu hapa Lubumbashi, kijana wa miaka 15 alisimama katikati ya mazoezi, mikono magotini, akamwambia kocha: «Siko na nguvu.» Kocha akamjibu kwamba nguvu hutafutwa kwa kukimbia, akamwongezea mizunguko mitatu. Katika mzunguko wa pili kijana alianguka. Tulipomkalisha kivulini na kumpa maji ya sukari, ndipo tulipojua kwamba hakuwa amekula tangu mchana wa siku iliyotangulia.

Sitaki kumlaumu kocha. Amesoma elimu ya michezo, na daftari lake limejaa maneno sahihi ya Kifaransa: énergie, endurance, force, motivation. Lakini kijana hakusema Kifaransa. Alisema nguvu, na katika Kiswahili chetu neno hilo linaweza kubeba yote manne. Kijana alimaanisha moja, kocha akasikia jingine.

Tuyatenganishe. La kwanza ni nishati. Mkimbiaji wa mita 100 hutegemea zaidi akiba iliyomo tayari katika misuli. Wa mita 400 huvunja sukari kwa haraka bila kungoja oksijeni ya kutosha. Mchezaji wa mpira, mwenye dakika 90 mbele yake, hutumia zaidi oksijeni kuchoma sukari na mafuta. Sukari hiyo hutoka katika chakula, na mwili huiweka katika misuli na ini. Aliyelala njaa, akiba ya ini lake imepungua sana. Mizunguko zaidi inaimaliza tu.

La pili ni pumzi, yaani uwezo wa moyo, mapafu na damu kuifikisha oksijeni kwenye misuli. Huo hukua kwa majuma mengi ya mazoezi, si kwa adhabu ya asubuhi moja. La tatu ni nguvu yenyewe ya misuli, inayojengwa kwa mizigo inayoongezwa taratibu na kwa mapumziko. La nne ni kujiamini. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa anaweza kufanya jambo fulani huathiri juhudi atakayotia na muda atakaovumilia. Na imani hiyo hukuzwa kuliko vyote na mafanikio ambayo mtu ameyapata mwenyewe. Kumfokea hakuisaidii.

Matatizo manne, dawa nne, neno moja. Hapo ndipo kijana alipoangukia.

Wapo watakaosema: hiyo ni kazi ya wenzetu wa michezo, sisi tuna sarufi na fasihi yetu. Nawajibu kwa mfano wa Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi. Katika miaka ya 1960 alitengeneza kipimo ambacho anayefanya mazoezi huulizwa mwenyewe anahisi kazi ni nzito kiasi gani. Namba zake huanzia 6 hadi 20, kwa kuwa ukizizidisha kwa 10 unakaribia mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya kwa dakika: kama 60 akiwa ametulia, kama 200 akiwa kileleni. Kando ya namba pana maneno, kuanzia kazi nyepesi kabisa hadi kazi nzito kupita kiasi. Chombo cha fiziolojia, na kiini chake ni vielezi!

Sasa tazameni namba 13, ambapo kazi imeanza kuwa nzito. Tukiandika «nzito kidogo», mchezaji ataelewa nini? Kwetu «kidogo» hupunguza, lakini pia hulainisha usemi kwa adabu. Anayekuja kwako na kusema «nina shida kidogo», mara nyingi shida yake ni kubwa. Neno likiyumba, kipimo kizima kinayumba. Nani atakayeliona kosa hilo kama si mwanafunzi wa lugha?

Wengine watasema istilahi za Kifaransa zipo na mtihani hufanywa kwa Kifaransa. Ni kweli. Lakini uwanjani hatufanyi mtihani. Pale kocha anaeleza kwa Kiswahili, na mchezaji analalamika kwa Kiswahili.

Ninachoomba ni kidogo, na hapa nakusudia kidogo kweli. Kila mwaka, walau kazi moja ya kumaliza masomo katika kitivo chetu ishughulikie maneno haya. Tusijifungie chumbani kuunda istilahi ambazo hakuna mchezaji atakayezitamka. Twende uwanjani na daftari, tusikilize: pumzi imekwisha, mwili umelegea, miguu imekuwa mizito, roho imekata tamaa. Watu wanatofautisha tayari, sisi hatujaandika. Kisha tukae na wenzetu wa michezo, tukubaliane kila neno limebeba maana gani, na orodha hiyo tuirudishe kwa makocha wa mitaa.

Mimi nimeanza kwa ukurasa mmoja, nilioupeleka kwa kocha wetu. Kijana yule bado anacheza. Siku hizi mchezaji akisimama na kusema «siko na nguvu», kocha hamtumi tena kukimbia kabla ya kumwuliza: umekula? Ni pumzi? Ni miguu? Ama ni roho?