Sarufi Haibagui, Tunabagua Sisi

Ndugu zangu wa Chekalini, wazee kwa vijana, nina neno nanyi kuhusu sarufi, na msidhani ni habari za darasani tu.

Mwarabu akisema mtu amefika, kitenzi chenyewe kinatangaza kama aliyefika ni mume au mke. Mfaransa ameipa jinsia hata meza, nayo ni ya kike. Mwingereza ana nafuu, ila akimrudia mtu kwa kiwakilishi kwa kawaida huchagua. Ndiyo maana wanafunzi wetu humgeuza mama kuwa mwanamume katika insha za Kiingereza, nanyi walimu mkacheka. Acheni! Mtoto huyo si mjinga. Amelelewa na lugha zenye swali jingine: ni kiumbe hai au ni kitu? Kwa Kiswahili, mama amefika, baba amefika, ng'ombe naye amefika. Kitabu ndicho kimefika. Kiluhya nacho kina ngeli zake, wala hakitengi mume na mke katika kitenzi. Wabukusu, Waluhya wenzetu, hutenga kwenye majina ya watu: mvulana wa msimu wa mvua ni Wafula, msichana ni Nafula, wa mavuno ni Wekesa na Nekesa. Wa njaa ni Wanjala na Nanjala, na njaa, kama mjuavyo, haichagui.

Basi tujisifu? La, hasha. Mzee akifariki, ukoo hukaa na kuafikiana kwamba shamba wagawiwe watoto. Hakuna anayepinga. Kamba ya kupimia ikitolewa, Wekesa anapata kipande chake, Nekesa anaambiwa atakula kwa mumewe. Nani amewapunguza watoto? Si sarufi: mtoto yumo katika ngeli ya A-WA, awe wa kiume, awe wa kike. Wala si sheria: Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika 1981, haimtofautishi binti na kaka yake, na Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi wa jinsia waziwazi.

Najua jibu lenu: binti ataolewa. Na asiyeolewa je? Na aliyeachika akarudi na wanawe? Na yule aliyemuuguza mzee hadi mwisho, kaka zake wakiwa Nairobi?

Kwa hiyo, wazee wa mtaa na makatibu wa vikao, mkiandika muhtasari wa urithi msiishie kwenye neno watoto. Barua ya chifu inayopelekwa mahakamani hutaja warithi kwa majina. Waandikeni wote, akina Wekesa na akina Nekesa, na muwasomee hadharani kabla mtu hajatia sahihi.